Ukienda pwani wakati wa masika, usirudi na malaria

Mvua ya masika inapoanza kunyesha pwani, hoteli za Mombasa, Diani, Kilifi na Watamu hubaki na vyumba vitupu. Watalii kutoka Ulaya huwa wamekwenda zao, na pilkapilka za Pasaka zikishapita, wenye hoteli na nyumba za kukodisha huanza kupunguza bei. Kwa familia ya hapa Kaptembwo au jirani zetu wa Rhonda ambayo mwaka mzima imekuwa ikiweka pesa katika chama, huu ndio wakati ambapo safari ya siku tatu au nne kando ya bahari huwezekana.

Mimi ni daktari ninayetibu wakazi wa mtaa huu, na sina neno na safari kama hiyo. Mtu anayesimama kiwandani kutwa nzima, mwenye duka ambaye hajafunga mlango hata Jumapili moja, mama anayelea watoto huku akiuza mboga, wote hao wanahitaji kupumzika kama anavyohitaji mfanyakazi wa ofisini. Mapumziko hayaponyi shinikizo la damu wala kisukari, lakini hurejesha usingizi na hutuliza fikira, na hayo si mambo madogo.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kila anayepanga safari hii anapaswa kulijua kabla hajalipa nauli. Kaptembwo si makao ya malaria. Pwani ni makao yake. Kwa mfuko wako safari ni ya siku tatu, lakini kwa mwili wako ni ya zaidi ya wiki sita: huanza wiki mbili kabla ya kuondoka, na haimaliziki mpaka wiki nne baada ya kurudi. Wanaougua vibaya ni wale wanaodhani kwamba imekwisha pale basi linapowashusha stendi ya Nakuru.

MSIMU WA BEI NAFUU

Mwambao wetu, kutoka Vanga hadi Kiunga, hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari ikiwa shwari na jua likiwa kali. Huo ndio msimu wa watalii na wa bei za juu. Kusi huanza mwezi wa Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi. Huja na mvua, mawingu na mawimbi makubwa, na Mei huwa ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kufikia mwisho wa Juni mvua huwa imepungua, hali ya hewa ni ya baridi kidogo, lakini upepo bado una nguvu.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Ulaya, watu wa mijini husubiri majira ya joto yapite ndipo waende kwa bei nafuu kwenye pwani zenye majabali, kama vile Cornwall huko Uingereza au Bretagne huko Ufaransa. Daktari wa huko huwaonya juu ya baridi, tufani na mawimbi yanayoweza kumzoa mtu juu ya mwamba. Sisi nasi tuna majabali yetu ya matumbawe huko Watamu, Shimoni na Vuma karibu na Takaungu, na mawimbi ya kusi huyapiga kwa nguvu zile zile. Tofauti ni kwamba masika yetu huja pia na mbu.

Ikiwa una watoto wa shule, huenda ukalazimika kusafiri katika likizo ya Aprili. Ikiwa hufungwi na kalenda ya shule, ni afadhali ungoje Juni kuliko kwenda Mei. Vyovyote vile, kabla ya kulipa uliza maswali haya kwa simu: Je, kila kitanda kina chandarua kisichokuwa na matundu? Je, madirisha yana wavu? Je, jikoni kunapikwa msimu huu, au wapishi wamepewa likizo? Je, kidimbwi cha kuogelea kinasafishwa, na kuna mtu wa kuwaangalia waogaji? Hospitali ya karibu iko wapi? Hoteli nyingi hutumia miezi hii kufanya marekebisho, na mahali penye wageni wachache maji huweza kutuama katika mifereji, ndoo na vidimbwi bila mtu kujali. Rahisi ghali, walisema wahenga. Chumba cha bei nafuu chenye chandarua kilichochanika si cha bei nafuu.

KINGA HAIDUMU, WALA MTOTO HAIRITHI

Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo vinavyoua zaidi, vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, havikomai. Ndiyo sababu mkazi wa hapa anaweza kuumwa na mbu usiku kucha na asipate malaria.

Wengi wa wakazi wa Kaptembwo walikuja, au wazazi wao walikuja, kutoka Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega. Mara kwa mara husikia mgonjwa akiniambia, "Daktari, mimi nilizaliwa kando ya ziwa, malaria haiwezi kunitisha." Ni kweli kwamba mtu aliyekulia sehemu zenye malaria nyingi hujenga kinga kiasi fulani, baada ya kuugua mara nyingi utotoni. Lakini kinga hiyo haikuwa kamili hata wakati huo, na hupungua mtu anapoishi miaka kadhaa mbali na ugonjwa huo. Aliyehamia Nakuru miaka kumi iliyopita asijilinganishe na ndugu yake aliyebaki nyumbani.

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Kaptembwo hana kinga yoyote ya malaria, hata kama baba na mama yake walikulia Busia. Akifika Kilifi au Kwale, mwili wake unakutana na vimelea hivyo kwa mara ya kwanza, sawasawa na mtoto wa mtalii kutoka Ujerumani. Tofauti ni kwamba wazazi wa mtoto wa Kijerumani wamekwisha kumpeleka kwa daktari kabla ya kupanda ndege. Sisi hatuendi kwa daktari, kwa sababu hatuvuki mpaka wala hatuna pasipoti ya kupigwa muhuri.

WIKI MBILI KABLA YA SAFARI

Nenda kliniki au hospitali, uzungumze na daktari juu ya dawa za kuzuia malaria. Zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni doksisiklini, ambayo ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Mtu mzima humeza miligramu 100 kila siku, akianza siku moja au mbili kabla ya kufika, na kuendelea kwa wiki nne baada ya kurudi. Imeze pamoja na chakula na bilauri nzima ya maji, na usilale mara baada ya kuimeza kwa sababu huchoma koo. Pia huifanya ngozi iungue na jua upesi. Haifai kwa waja wazito wala kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Ya pili ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili. Huu humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi siku saba tu baada ya kurudi. Ni rahisi kuumaliza, lakini bei yake ni ya juu. Ya tatu ni meflokwini, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, kuanzia wiki mbili au tatu kabla ya safari hadi wiki nne baadaye. Hii haipewi mtu mwenye kifafa wala aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili. Unaona basi kwa nini ninasisitiza uje mapema. Anayekuja jioni ya kuamkia safari amekwisha kujipunguzia chaguo.

Kosa linalofanywa na wengi ni kuacha tembe mara tu wanapofika nyumbani. Vimelea ulivyopata katika usiku wa mwisho huko Diani huingia kwanza katika ini na kujificha humo, kisha hutoka na kuingia kwenye damu siku kadhaa baadaye. Tembe zile za wiki nne ndizo zinazovingoja mlangoni. Ukiziacha, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Hakuna dawa inayozuia kwa asilimia 100, kwa hiyo mbu naye lazima azuiwe. Mbu wa malaria, Anopheles, huuma tangu magharibi mpaka alfajiri. Jua likitua vaa shati la mikono mirefu na suruali au leso ndefu, ujipake dawa ya kufukuza mbu, na ulale ndani ya chandarua kilichotiwa dawa. Kama huna hakika na cha hoteli, beba chako. Dawa inayotiwa katika vyandarua hivyo ni jamaa ya pareto, ua ambalo wazee wa Molo na Njoro walilima kwa miaka mingi na ambalo bodi yake ilikuwa na makao makuu hapa hapa Nakuru. Wanasayansi waliiga sumu ya ua hilo na kutengeneza dawa inayodumu zaidi kwenye nguo. Itakuwa aibu mtu wa Nakuru kuumwa na mbu kwa kukosa chandarua.

NJIANI

Kutoka Nakuru hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Wengi huenda kwa basi la usiku, na wengine hupanda matatu hadi Nairobi kisha garimoshi la Madaraka Express, lililozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ambalo huchukua saa tano au sita hivi. Ukikaa kitini kwa muda mrefu bila kunyoosha miguu, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu. Walio katika hatari zaidi ni waja wazito, wanene, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wanaotumia tembe za kupanga uzazi. Simama kila basi linaposimama, zungusha nyayo zako ukiwa umekaa, na usijinyime maji kwa kuogopa kwenda haja.

Wakati wa masika barabara nayo ni hatari. Tutakumbuka daima mkasa wa alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yalipofurika karibu na Mai Mahiu, katika kaunti yetu hii ya Nakuru, na kuua makumi ya watu usingizini. Sikiliza habari za hali ya hewa kabla ya kuondoka, na dereva akitaka kuvuka mto unaopita juu ya barabara, shuka. Ni afadhali kuchelewa usiku mmoja.

BAHARINI WAKATI WA KUSI

Wengi wetu wa bara tulijifunza kuogelea katika vidimbwi, na wengine hatukujifunza kabisa. Bahari ya kusi si mahali pa kujifunzia. Waulize wavuvi au wafanyakazi wa hoteli ni wapi salama, na usiingie majini ukiwa umekunywa pombe. Mahali penye mlango katika mwamba, maji yanayorudi baharini hupita kwa kasi na kumvuta mtu. Ukivutwa, usipigane nayo kwa kuelekea ufukweni moja kwa moja. Ogelea ubavuni, sambamba na ufuo, mpaka utoke katika mkondo huo, ndipo urudi.

Tumia mwezi kupanga siku zako. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita tatu. Siku za bamvua maji hupwa kati ya asubuhi na adhuhuri, na hapo ndipo watu hutembea juu ya mwamba kuangalia samaki na konokono. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana, na asubuhi huwa na kina cha kutosha kuogelea. Ukitembea juu ya mwamba siku ya bamvua, geuka mara maji yanapoanza kurudi. Hurudi upesi kuliko mgeni anavyodhani, na hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako.

Vaa viatu vya mpira. Matumbawe hukata kama wembe, na kidonda chake huoza upesi kisipooshwa vizuri kwa maji safi na sabuni. Wako pia wale wanyama weusi wenye miiba mirefu kama ya nungu, wanaokaa katika nyufa za mwamba. Mwiba wake ukikuchoma, tia mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kisha uutoe mwiba unaoonekana. Uliobaki ndani sana uachie mhudumu wa afya, na uulize kama umekwisha kuchanjwa dhidi ya pepopunda.

Ikiwa mashua ya kwenda Wasini au kwenye hifadhi ya Kisite haina jaketi la kuokolea kwa kila abiria, wakiwamo watoto, usipande hata kama umekwisha kulipa. Nahodha akisema bahari ni mbaya leo, mshukuru, usimbembeleze. Siku kama hiyo nenda Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, au ukaone magofu ya Gede karibu na Watamu. Huko mvua haitakuharibia siku yote.

CHAKULA, MAJI NA JOTO

Masika hujaza visima na vyoo kwa pamoja, na ndiyo sababu magonjwa ya kuhara huongezeka. Kunywa maji yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, na uyatumie hayo hayo kupiga mswaki. Viazi karai, mahamri na samaki wa kukaanga havina shida vikitoka motoni mbele ya macho yako. Shida ni chakula kilichopikwa asubuhi kikakaa juu ya meza mpaka jioni, na kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua.

Mtu akihara, jambo la kwanza ni kumrudishia maji. Beba pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, zinazouzwa katika kila duka la dawa. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, umnyweshe kidogo kidogo. Mtoto anayehara na kutapika huku macho yakiwa yamezama apelekwe hospitali bila kungoja kesho.

WENYE MAGONJWA YA KUDUMU

Mwenye kisukari asitembee pekupeku ufukweni hata hatua mbili. Miguu yake huenda haisikii maumivu, na jeraha dogo la tumbawe linaweza kumletea kukatwa kidole. Insulini iwekwe mahali baridi. Kama hakuna jokofu, chupa ifungwe katika mfuko na kuwekwa ndani ya chungu chenye mchanga uliotiwa maji, kivulini.

Anayemeza tembe za shinikizo la damu, hasa zile zinazomfanya aende haja ndogo mara kwa mara, anaweza kupata kizunguzungu akitoka katika baridi ya Nakuru na kuingia katika joto la Mombasa. Asiziache kwa hiari yake. Anywe maji ya kutosha, ainuke polepole kitandani, na aje tuzungumze kabla ya safari. Madafu ni kinywaji kizuri, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe bila kumwuliza daktari wake, kwa sababu yana potasiamu nyingi.

Mja mzito anaweza kupata malaria kali upesi kuliko wengine, na mimba yake ikawa hatarini. Ushauri wangu kwake ni kuahirisha safari hiyo ikiwezekana. Mwenye ugonjwa wa selimundu naye huweza kufa kwa malaria, na ukosefu wa maji mwilini humletea maumivu makali. Huyu asiende bila dawa ya kinga na maelezo ya daktari.

HOMA BAADA YA KURUDI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Malaria ya falciparum haianzi siku uliyoumwa na mbu. Kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14, na wakati mwingine zaidi ya mwezi. Maana yake ni kwamba aliyekaa pwani siku nne ataugua akiwa amekwisha kurudi Kaptembwo, amerudi kazini, na picha za safari amekwisha kuwaonyesha majirani. Hapo homa inapomshika, hakumbuki tena pwani. Anasema ni baridi ya Juni, au ni mafua.

Na mhudumu wa afya asiyeambiwa habari za safari anaweza kufuata njia hiyo hiyo. Nakuru homa husababishwa na mambo mengi, na malaria si ya kwanza katika orodha. Mgonjwa hupimwa Widal, kipimo kinachotumika kwa homa ya matumbo. Kipimo hiki mara nyingi huonyesha dalili kwa mtu ambaye hana homa ya matumbo, au aliyeugua zamani. Hupewa dawa za homa ya matumbo, hurudi nyumbani, na siku zinapita. Malaria ya falciparum isipotibiwa inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa 24. Hizo siku zinazopotea ndizo zinazoua.

Daktari wa London anapomwona mgonjwa mwenye homa, huuliza alisafiri wapi. Sisi hapa hatuna desturi hiyo kwa safari za ndani ya nchi. Kwa hiyo lianze wewe. Maneno yako ya kwanza yawe haya: "Nilikuwa pwani, nilirudi tarehe fulani, naomba nipimwe damu kwa malaria." Sema hivyo kwa homa yoyote itakayokupata ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, hata kama ulimeza tembe zote za kinga. Ukiwa umezimeza, taja ni za aina gani. Sema hivyo pia unapompeleka mtoto, maana yeye hawezi kujisemea.

Damu hupimwa kwa darubini au kwa kile kipimo cha haraka cha tone la kidole. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha vimelea na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, hata mara ya tatu. Na ikiwa ulitibiwa malaria huko Mombasa, kumbuka kwamba kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Hapo darubini ndiyo ya kuaminiwa.

Usinunue dawa kwa kubahatisha. Klorokwini iliachwa kuwa tiba ya kwanza nchini Kenya mwaka 1998, na Fansidar na jamaa zake zikafuata mwaka 2004, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezizoea. Tiba ya malaria ya kawaida sasa ni artemetha na lumefantrini, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Coartem au AL. Humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Imalize yote hata kama umepata nafuu siku ya pili, wala usimgawie jirani tembe zilizobaki.

Kuna homa nyingine za pwani zinazokuja baada ya mvua. Dengi ilizuka Mombasa mwaka 2013, 2017 na 2021, na chikungunya mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018. Jina hilo la pili limetoka katika lugha ya Kimakonde, na lahusu mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Mbu wa magonjwa haya mawili huuma mchana. Kwa sababu ya dengi, homa baada ya safari itulizwe kwa parasetamoli, si kwa aspirini wala ibuprofeni, ambazo huweza kuongeza kutokwa na damu. Parasetamoli lakini haitibu malaria; hukupa nafuu tu unapokwenda kupimwa.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: kuchanganyikiwa au kushindwa kuamka, degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho kuwa ya manjano, mkojo mweusi kama soda ya kola, na mtoto kushindwa kunyonya au kuketi. Mtu huyo apelekwe hospitali kubwa usiku huo huo, si kliniki ya mtaani kwanza. Atahitaji sindano ya atesuneti na kulazwa.

Kabla ya kuondoka, chukua kalenda ya ukutani. Tia alama siku utakayokwenda kwa daktari, siku ya kuanza tembe, siku ya kurudi na siku ya kumeza tembe ya mwisho. Hesabu miezi mitatu kutoka siku ya kurudi, uandike hapo: "Mwisho wa pwani." Kila mtu nyumbani aione, hata msichana anayebaki na watoto ukienda kazini. Homa ikiingia nyumba hiyo kabla ya alama hiyo, atajua la kusema kliniki hata wewe usipokuwapo.